Sungura anachagua choo mwenyewe: kilichobaki ni kazi yako

Weka kwenye grupu la mtaa picha ya sungura aliyetulia ndani ya beseni lake la choo sebuleni, uone majibu. Wapo watakaosema ni uongo: sungura si paka, huyo kawekwa hapo apigwe picha. Wapo watakaosema wao walijaribu, wakamchapa, wakamsugua pua kwenye mkojo wake, na zulia likaharibika vilevile, mwisho akaishia kwenye sufuria. Pande zote mbili zina chembe ya ukweli. Tatizo ni kwamba zote zinazungumzia mambo manne tofauti kana kwamba ni moja, na hapo ndipo wafugaji wengi wa Mtwara na Lindi wanapokwama.

Mambo hayo manne ni mkojo, kinyesi kikavu cha punje, kinyesi laini ambacho sungura hukila mwenyewe, na alama anazoweka kutangaza eneo lake. Kila kimoja kina sababu yake, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Tunaposema sungura amezoea choo, maana yake ni kwamba anakojoa mahali pamoja karibu kila mara, na sehemu kubwa ya punje zake anaziacha hapohapo. Sehemu kubwa, si zote. Anayekuahidi sungura asiyeangusha hata punje moja sakafuni, huyo ana sungura wa kuuza.

Choo chenyewe ni chombo chochote chenye kingo anachoweza kuingia, akageuka na kukaa. Ndani yake kuna tandiko, yaani kitu kikavu cha kunyonya mkojo. Basi.

Huyu si yule wa porini

Sungura anayekatiza mbele ya taa za basi usiku kwenye barabara ya Masasi ni mnyama mwingine kabisa, tofauti na yule mweupe uliyemnunulia mtoto. Wa porini hachimbi shimo. Analala juu ya ardhi kwenye majani, kwa kawaida peke yake, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho yakiwa wazi. Wa kufugwa ametokana na sungura wa Ulaya, ambaye asili yake ni Hispania na Ureno. Huyo huishi kwa makundi, huchimba mashimo yenye njia nyingi, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Kwa hiyo mzee anayekwambia "mimi nimewinda sungura miaka yote, hana choo yule" anasema kweli kuhusu sungura mwingine.

Makundi ya sungura wa mashimoni yana sehemu maalumu za kwenda haja, na nyingi ziko mipakani mwa eneo lao. Lundo la punje linafanya kazi ileile ya minyaa tunayopanda kuzunguka shamba la mikorosho: anayepita ajue kuna mwenyewe. Tabia hiyo sungura wako amezaliwa nayo, hakuna aliyemfundisha. Paka naye hafundishwi kufukia kinyesi. Kwa hiyo kazi yako si kumtia akilini jambo jipya, ni kujua amechagua wapi, kisha kumwekea chombo hapo.

Namna ya kujua ni kumtazama. Mfungie kwenye sehemu ndogo ya chumba, kreti mbili tatu za soda zikiwa ukuta, umwache atulie. Atazunguka akinusa. Atasugua kidevu kwenye mguu wa kiti, maana chini ya kidevu ana tezi zinazotoa harufu ambayo sisi hatuisikii. Halafu atakwenda kwenye kona, atageuka, atarudi kinyumenyume mpaka makalio yakaribie ukuta, atatulia kimya na kuinua mkia kidogo. Ukiona mkia umeinuka, umeshachelewa. Lakini sasa umejua kona. Kesho atakwenda palepale, na hapo ndipo beseni linapokaa, hata kama wewe ulitaka likae nyuma ya mlango.

Kinachokojolewa na kinachoanguka

Sungura akishakua anaweza kuubana mkojo mpaka afike kwenye kona yake. Punje ni habari nyingine. Sungura mzima hutoa punje kama 200 hadi 300 kwa siku, kwa sababu chakula chake ni nyasi na nyasi zina nyuzinyuzi nyingi ambazo hazisagiki. Utumbo wake haupumziki. Akila anatoa, akiruka inadondoka moja, akilala zinabaki mbili. Kumkasirikia kwa hilo ni kuonea. Uzuri ni kwamba punje ya sungura mwenye afya ni kavu, haina harufu ya maana, na ufagio wa chelewa unaimaliza kwa dakika moja. Pima maendeleo yako kwa mkojo. Mkojo ukiwa ndani ya beseni tu, umefaulu, hata kama kuna punje chini ya kochi.

Halafu kuna kinyesi laini. Mara nyingi usiku au alfajiri utamwona sungura amejikunja, ameingiza kichwa chini ya tumbo, kisha anainuka akitafuna. Watu wengi wakiona hivyo husema ana minyoo au kachanganyikiwa. Hapana. Sehemu ya chakula huchachushwa na bakteria kwenye mfuko mkubwa wa utumbo, ikatoka ikiwa vipande vidogo laini, vinavyong'aa, vyenye ute na harufu kali, vilivyojaa protini na vitamini B. Anavila moja kwa moja vinapotoka, ili mwili uchukue ambacho haukukipata mara ya kwanza. Ukimzuia unamnyima chakula. Ukivikuta vimeachwa sakafuni mara kwa mara, kosa si la choo: mara nyingi ni chakula kizito kupita kiasi, pumba nyingi, mkate, karoti kila siku, huku nyasi zikiwa chache. Au ni mnene mno hafiki nyuma.

Alama, na umri unaovunja mioyo

La nne ndilo linalowakatisha watu tamaa. Sungura mdogo wa miezi miwili amekuwa msafi, kila mtu anamsifu, watoto wanaita wenzao waje waone. Kati ya miezi mitatu na nusu hadi sita anabalehe, na dume anaanza kurusha mkojo kwa nyuma: ukutani, kwenye miguu ya watu, kwenye pazia. Jike naye anaweza kuweka alama, na anatawanya punje kila kona ya chumba kipya. Mwenye nyumba anasema amesahau. Hajasahau kitu. Anatangaza kwamba hapa ni kwake, na tangazo halipelekwi chooni.

Kinachopunguza alama zaidi ya kitu kingine chochote ni kumhasi, dume au jike. Mabadiliko hayaji siku ileile, hungoja wiki kadhaa homoni zipungue, na dume aliyehasiwa bado anaweza kumpa jike mimba kwa wiki nne hadi sita za mwanzo, kwa hiyo watenge. Kwa jike kuna faida nyingine kubwa kuliko usafi: majike wasiohasiwa wakizeeka hupata sana saratani ya mfuko wa uzazi.

Najua wengi wetu huku kusini hatuna daktari wa mifugo anayefanya kazi hiyo kila wiki. Muulize swali moja tu: "Daktari, umewahi kumhasi sungura?" Dawa za usingizi kwa sungura zina taratibu zake. Akikuagiza umlaze njaa usiku kucha kabla ya upasuaji, ujue anamfikiria mbwa. Sungura hawezi kutapika, na tumbo lake likikaa tupu linasimama, yaani linaacha kusaga chakula. Ukikosa mtu wa kumhasi, bado choo kinawezekana kwa mkojo wa kawaida. Alama utaishi nazo kiasi. Sungura mmoja huweka alama chache kuliko wawili wanaogombea chumba. Na dume na jike wasiohasiwa usiwaweke pamoja hata jioni moja, maana mimba ni siku 30 hadi 32 tu, halafu jike huyo atang'oa manyoya yake na kugeuza beseni la choo kuwa kiota.

Beseni, nyasi, na maganda ya korosho

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa inapotupwa.

Chombo hakihitaji duka la wanyama. Dumu la lita 20 lililokatwa ubavuni linafaa kuliko beseni la mviringo, kwa sababu lina pembe na linakaa vizuri kwenye kona. Piga msasa kingo zisimkate. Upande mmoja ushushe kidogo kwa ajili ya mdogo au mzee. Liwe kubwa kiasi cha kumwezesha kujinyoosha, kwa sababu sungura hukaa chooni muda mrefu, na sababu ya kukaa ni hii: anapenda kula huku akijisaidia. Hilo likikuchefua, vumilia, ndilo linalofanya kazi. Funga nyasi kavu ukutani juu ya beseni, au zirundike upande mmoja ndani yake, na utamwona akiingia kula mara kumi kwa siku bila kuitwa. Aliyeshindwa kumzoesha sungura choo, nikimuuliza nyasi anaweka wapi, mara nyingi jibu ni "kule kwenye sahani yake", mita mbili kutoka kwenye beseni.

Nyasi zikaushe kivulini. Usizikate chini ya mikorosho msimu wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga wala msimu wa viuatilifu vingine. Vumbi lile linatua kwenye majani ya chini, na ndiyo yatakayoingia mdomoni.

Tandiko la bei rahisi kuliko yote ni boksi kuukuu na magazeti yaliyochanwa, juu yake tabaka la nyasi. Makumbi ya nazi yaliyokauka na kuchambuliwa yanafaa pia, na huku hayana uhaba. Pumba za mpunga hazinyonyi vizuri na zina vumbi. Ziweke chini tu, kama huna kingine. Mchanga wa pwani unavutia kwa kuwa ni bure, lakini hauzuii harufu, una chumvi, na unaganda kwenye manyoya ya miguu. Udongo wa dukani wa choo cha paka, ule unaoganda ukilowa, usimpe kabisa: sungura hutafuna kila kitu, na udongo huo ukiganda tumboni hautoki.

Maranda ya seremala yanahitaji mazungumzo kabla ya kiroba.

"Habari za kazi, fundi. Naomba maranda ya sungura wa watoto."

"Chukua tu mama, yamejaa hapo."

"Ni ya mbao gani?"

"Mchanganyiko. Kuna paini, kuna na zile za dawa."

Hayo yaache hapohapo. Mbao zilizotiwa dawa ni sumu kwa mnyama anayetafuna, na maranda mabichi ya paini yana harufu kali ya kemikali zinazoelemea ini lake. Vumbi la msumeno nalo linaingia puani.

Na maganda ya korosho, hapana. Nalisema kwa sauti kwa sababu Mtwara yamelundikana, ni makavu, na mtu anaona ni tandiko la bure. Mafuta yaliyo ndani ya ganda la korosho huchoma ngozi. Yeyote aliyewahi kubangua nyumbani anajua vidole vinavyogeuka vyeusi na kuchubuka. Sungura anakaa juu ya tandiko kwa nyayo zisizo na kinga zaidi ya manyoya, kisha analamba nyayo hizo.

Siku za mwanzo

Beseni likiwa kwenye kona aliyoichagua, chukua karatasi uliyofutia mkojo wake na punje chache uziweke ndani. Harufu yake mwenyewe ndiyo kibao cha mlangoni. Mwache kwenye sehemu ile ndogo mpaka mkojo uwe ndani ya beseni kwa siku kadhaa mfululizo, ndipo usogeze kreti na kumpa nafasi kubwa. Ukimfungulia nyumba nzima siku ya kwanza, atakuwa mbali na beseni anapobanwa, na atachagua kona nyingine. Akianza kona ya pili licha ya yote, ongeza beseni la pili. Ni rahisi kuliko kubishana.

Kumchapa hakusaidii. Haunganishi kofi na dimbwi la dakika tano zilizopita. Anaunganisha kofi na wewe. Sungura aliyeogopa hujificha, na huko anakojificha hukojoa. Ukimkuta anarudi kinyumenyume mahali pasipo pake, gonganisha viganja vyako mara moja asikie mlio, umwongoze taratibu kwenye beseni. Akikojoa ndani, kipande kidogo cha ndizi papo hapo, si baadaye.

Wakubwa huzoea haraka kuliko watoto. Mtu akikupa sungura wa miaka miwili huku akisema "huyu ameshazeeka, hafundishiki", mpokee kwa mikono miwili.

Maji, harufu na joto la pwani

Katika maneno yote ya mtaani kuhusu sungura, linalonikera zaidi ni kwamba sungura hanywi maji. Anakunywa, tena mengi kwa ukubwa wake, kama mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Majani mabichi humpa sehemu yake, hayamtoshi. Wapo wanaomnyima maji makusudi ili asikojoe sana, na wanapata kinyume chake: mkojo mchache, mzito, unaonuka kuliko kawaida, na kibofu kinachojaa matope ya chokaa.

Chokaa hiyo inahitaji maelezo. Sungura hutoa kalisiamu iliyozidi kupitia mkojo, ndiyo maana ukikauka huacha ukoko mweupe sakafuni. Sabuni haiutoi. Siki nyeupe inautoa, na inaondoa pia harufu inayomrudisha palepale. Usitumie jiki juu ya mkojo, na usichanganye jiki na siki: kote kuwili inatoka hewa yenye sumu inayobana kifua, chako na cha sungura.

Rangi nayo huwatisha watu. Mkojo wa njano, wa machungwa, hata mwekundu, unaweza kuwa wa kawaida. Rangi hutokana na mimea aliyokula. Jike hapati hedhi, kwa hiyo hilo liondoe akilini. Damu yenyewe huonekana kama michirizi au madoa ndani ya mkojo wa rangi nyingine, na hiyo ni ya daktari. Usikimbilie kabati la dawa za nyumbani. Amoksilini ya watu ikipita mdomoni mwa sungura huua bakteria wazuri wa utumbo wake, na sungura anakufa na tumbo badala ya kibofu.

Harufu inayowafanya watu waseme "sungura ananuka" ni amonia ya mkojo uliokaa. Mnyama mwenyewe hanuki. Kwa joto na unyevu wa Lindi mjini au Mikindani, mkojo unaoweza kuvumiliwa siku tatu kule Newala juu, hapa unanuka kesho yake. Mwaga kila siku au siku moja baada ya nyingine, bakiza kiasi kidogo cha tandiko la zamani, sungura asipotee. Beseni lisikae kwenye jua: joto likipita nyuzi 30 sungura anateseka, anaacha beseni na kwenda kujilaza kwenye saruji yenye ubaridi. Na sungura mwenye makalio yaliyolowa huvutia inzi, ambao hutaga, na funza wakianza kumla mwilini muda wa kumwokoa ni mfupi sana.

Kwa nyumba nyingi za pwani yetu swali si harufu peke yake. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi huku, mkojo na kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama nyama yake ni halali. Masuala ya twahara mpelekee sheikh wako. Ya sungura nakwambia mimi: choo hakitakuhakikishia kwamba hakuna punje kwenye mkeka. Chumba cha kuswalia asiingie, hata awe mstaarabu kiasi gani. Na kwa mama mjamzito anayeogopa toksoplasma, ugonjwa wa kimelea kinachotoka kwenye kinyesi cha paka, mayai ya kimelea hicho hutolewa na jamii ya paka tu. Kunawa mikono kunabaki palepale.

Unachomwaga hakina haja ya kwenda jalalani. Punje za sungura haziunguzi mimea, zinawekwa moja kwa moja kwenye tuta la mchicha au shina la mpapai bila kuozeshwa kwanza. Mkojo ni mkali, uchanganye na maji mengi.

Likitokea jambo la ghafla, sungura aliyezoea choo miezi mingi akaanza kukojoa nje yake, usianze mafunzo upya. Tazama kwanza kama anajikakamua, kama makalio yamelowa, kama miguu ina vidonda vya kusimama kwenye waya, kama ni mzee anayeshindwa kupanda ukingo. Na ukikuta asubuhi beseni halina punje hata moja na chakula hakijaguswa, hilo ni la dharura kuliko dimbwi lolote kwenye zulia: tumbo limesimama, na anahitaji daktari siku hiyohiyo.